Kompyuta ya Michezo: Ununue Iliyo Tayari au Uiundishe?

Katika somo hili tunamsaidia mlaji wa Kilwa, Lindi na pwani yote ya kusini anayekusudia kununua kompyuta ya mezani yenye uwezo wa kuendesha michezo mikubwa. Ushauri wetu unamfaa pia anayetaka mashine ya kuhariri picha za video au kuchora ramani za majengo, kwa kuwa kazi hizo huhitaji vifaa vilevile.

Mnunuzi ana njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kununua mashine mpya iliyokwisha kuunganishwa. Ya pili ni kununua vipande kimoja kimoja, kisha akaviunganisha mwenyewe au akampa fundi. Ya tatu, ambayo imezoeleka sana katika masoko yetu, ni kununua kompyuta ya ofisi iliyotumika nje ya nchi, ikaingizwa nchini, ikaongezwa kadi ya michoro na kuuzwa kwa jina la kompyuta ya michezo.

Walaji wengi hulinganisha njia hizi kwa bei peke yake. Sisi tunaomba swali jingine litangulie: mashine ikikataa kuwaka, ni nani mwenye wajibu wa kuitengeneza, na mtu huyo yuko wapi? Kwa mkazi wa Dar es Salaam, jibu la swali hili lina thamani ya nauli ya daladala. Kwa mkazi wa Kilwa Masoko au Lindi mjini, lina thamani ya safari ya mamia ya kilomita, siku mbili za kazi na mzigo usiopenda kutikiswa.

Watu wa pwani wanalifahamu jambo hili kupitia vyombo vya bahari. Anayenunua mashua iliyo tayari humdai muuzaji ikiwa chombo kinavuja. Anayemletea fundi mbao zake ili amuundie hujua kila ubao umetoka wapi, lakini ubao aliouleta mwenyewe ukionekana una ufa, hana wa kumdai isipokuwa aliyemuuzia ubao. Kompyuta hufuata kanuni hiyohiyo.

1. Vipande vinavyounda kompyuta

Ndani ya kasha kuna vipande sita vya msingi. Kichakataji hufanya mahesabu yote. Ubao mama huunganisha vipande vingine. Kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita ramu, hushika kazi inayoendelea. Diski hutunza michezo na mafaili. Kadi ya michoro hutengeneza picha inayoonekana kwenye skrini, nayo ndiyo hasa huitofautisha kompyuta ya michezo na kompyuta ya kawaida. Pawa saplai hupokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vipande vyote.

Vipande hivi havichanganywi ovyo. Kichakataji cha Intel cha kizazi cha 12 hakiingii katika ubao mama uliotengenezwa kwa ajili ya kizazi cha 10. Ramu ya aina ya DDR4 haiingii katika tundu la DDR5, kwa kuwa pengo la katikati ya kipande limewekwa mahali tofauti. Kadi ndefu ya michoro inaweza kushindwa kuenea ndani ya kasha dogo. Anayenunua mashine iliyo tayari humwachia muuzaji kazi ya kupatanisha mambo haya. Anayeundisha huibeba mwenyewe.

2. Kila njia na mzigo wake

Mashine mpya iliyo tayari. Faida yake kubwa ni kwamba unamdai mtu mmoja kwa risiti moja. Iwapo skrini itabaki nyeusi, huhitaji kujua kama kosa ni la ramu au la ubao mama. Muuzaji ndiye atakayetafuta. Hasara yake ni kwamba tangazo huweza kutaja kichakataji na kadi ya michoro kwa herufi kubwa, huku likinyamazia pawa saplai na ubao mama, ambako mara nyingi ndiko fedha hubanwa. Omba orodha ya vipande vyote, kila kimoja na jina la mtengenezaji na toleo lake. Muuzaji asiyeweza kutoa orodha hiyo hajui anachokuuzia, au anajua na hataki ujue.

Kuundisha kwa vipande. Hapa mlaji huchagua kila kitu, na siku za usoni anaweza kubadili kipande kimoja bila kuitupa mashine nzima. Vipande vingine huja na dhamana ndefu: vichakataji vya Intel na AMD vinavyouzwa katika maboksi yao ya kiwandani kwa kawaida huwa na dhamana ya mtengenezaji ya miaka 3. Kichakataji kilekile kikiuzwa bila boksi huwa nafuu, lakini dhamana yake hutegemea muuzaji. Ugumu huanza mashine isipowaka. Mwenye duka la ramu atasema kosa ni la ubao mama. Mwenye duka la ubao mama atasema fundi amekosea. Fundi atasema kipande kilikuja kibovu. Bila vipande vya akiba vya kujaribishia, ni vigumu kuthibitisha nani mkweli.

Kompyuta ya ofisi iliyoongezwa kadi. Njia hii huokoa fedha na wengi wameridhika nayo. Hata hivyo ina mipaka minne ambayo mlaji anapaswa kuijua kabla ya kulipa.

Kwanza, umri wa kichakataji. Toleo la Windows 10 liliacha kupata huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu rasmi huhitaji kichakataji cha Intel cha kizazi cha 8 au kipya zaidi. Kizazi husomwa katika namba: i5-6500 ni cha 6, i5-8500 ni cha 8, i5-12400 ni cha 12. Mashine ya kizazi cha 6 itawaka na kucheza, lakini umri wake uonekane katika bei.

Pili, umeme wa kadi. Tundu la ubao mama huipa kadi ya michoro wati 75 tu. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo hudai waya wake maalumu kutoka kwenye pawa saplai, na pawa saplai nyingi za kompyuta za ofisi hazina waya huo. Muuzaji anayeunga waya wa kubahatisha anakuuzia hatari ya moto.

Tatu, ukubwa wa kasha. Makasha membamba ya ofisi hupokea kadi fupi tu, nazo huchaguliwa kutoka katika idadi ndogo. Pawa saplai na ubao mama wa mashine hizo pia mara nyingi huwa na umbo la kiwanda chake, hivyo huwezi kuweka cha aina nyingine siku kikiharibika.

Nne, ukweli wa kadi yenyewe. Zipo kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili kompyuta izitambue kama kadi mpya yenye nguvu. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huweza kugundua nyingi za kadi hizo na kuzionyesha kuwa ni bandia. Mwambie muuzaji aifungue mbele yako kabla hujalipa.

3. Sheria inavyomlinda mnunuzi

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa, au kudai kwamba bidhaa ni mpya ilhali imekwisha kutumika. Tume hiyo pia ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Kibao cha ukutani kisemacho kwamba mali ikishauzwa hairudishwi hakimpi muuzaji ruhusa ya kudanganya.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ina kanuni nyingine inayogusa moja kwa moja uamuzi wetu. Mnunuzi akimjulisha muuzaji matumizi anayoyakusudia, na akaonyesha kwamba anategemea ujuzi wa muuzaji huyo, basi bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Lakini mnunuzi akiagiza kitu fulani kwa jina lake la biashara, ulinzi huo wa kufaa kwa matumizi hupungua, kwa sababu amechagua mwenyewe.

Tazama tofauti inavyojitokeza. Mlaji anayeandika, “Nataka mashine ya kuchezea mchezo wa mpira wa EA Sports FC bila kukwama, nishaurini,” amemkabidhi muuzaji jukumu. Mlaji anayeandika, “Nitumieni kadi ya GTX 1650 na ubao mama namba fulani,” amelichukua jukumu yeye. Vipande hivyo visipopatana huku kila kimoja kikiwa kizima, hatakuwa na dai zito. Kwa hiyo andika matumizi yako katika ujumbe wa simu kabla ya kulipa, na uutunze ujumbe huo pamoja na risiti.

Liko jambo la tatu kuhusu usafirishaji. Kwa kawaida ya sheria ya mauzo, muuzaji akishaukabidhi mzigo kwa msafirishaji kwa ajili ya mnunuzi, huhesabiwa kuwa amekwisha kuufikisha, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Kioo kikipasukia njiani, hasara huweza kukuangukia wewe. Kubalianeni kwa maandishi kwamba mzigo ni wa muuzaji mpaka utakapoupokea na kuuwasha.

4. Umbali, umeme na hewa ya chumvi

Bidhaa nyingi za kompyuta hutufikia kutoka Kariakoo na maduka ya katikati ya Dar es Salaam kwa mabasi na malori yanayopita Kibiti, Daraja la Mkapa na Nangurukuru. Barabara hiyo si ya kutegemewa kila siku ya mwaka. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na safari zikasimama. Mlaji aliyepewa dhamana ya siku 7 kuanzia siku ya malipo anaweza kuimaliza kabla mzigo haujafika. Dai dhamana ihesabiwe tangu siku ya kupokea.

Kadi nzito ya michoro hung'ang'ania tundu la ubao mama kwa upande mmoja. Basi likitikisika kwa saa kadhaa, tundu huweza kuvunjika. Mtake muuzaji aitoe kadi na kuifunga peke yake, kisha fundi wa kwenu airudishe. Ikiwa hakuna fundi wa kuirudisha, afadhali ukaifuate mashine mwenyewe.

Umeme wetu ni wa volti 230. Baadhi ya pawa saplai za zamani zina swichi ndogo nyuma yenye alama 115 na 230. Mashine iliyotoka nchi ya volti 115 ikichomekwa kabla ya kugeuzwa swichi hiyo, pawa saplai huungua papo hapo. Itazame kwanza. Pamoja na mashine, nunua UPS yenye kudhibiti kupanda na kushuka kwa umeme. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuzima kwa utaratibu. Usitarajie iendeshe mchezo kwa saa nzima.

Feni za kompyuta huvuta hewa, na hewa ya Kivinje au ya ufukwe wa Lindi hubeba unyevu na chumvi inayokula madini ya viunganishi. Usiiweke mashine mkabala na dirisha linaloelekea baharini, wala sakafuni. Ifunike kwa kitambaa ikiwa imezimwa na kupoa. Usiifunike kamwe ikiwa inawaka. Safisha vumbi kwa brashi laini kila baada ya miezi michache. Unaponunua iliyotumika, fungua ubavu wa kasha utazame: kutu kwenye skrubu na rangi ya kijani kwenye shaba ni ushahidi kwamba mashine imekwisha kukaa mahali pabaya.

5. Hesabu ya kweli

Mfano wa kwanza ni wa dhamana. Tuseme vipande vinakuwa nafuu kuliko mashine iliyo tayari kwa shilingi 150,000. Tuseme pia safari moja ya kwenda Dar es Salaam na kurudi, pamoja na chakula na malazi ya usiku mmoja, inakugharimu shilingi 120,000. Ukisafiri mara moja kubadilisha kipande kibovu, nafuu iliyobaki ni shilingi 30,000. Ukisafiri mara mbili, umepata hasara ya shilingi 90,000. Weka gharama zako halisi katika hesabu hii kabla ya kuamua.

Mfano wa pili ni wa umeme. Mashine inayotumia wati 300 pamoja na skrini, ikichezwa saa 3 kwa siku, hula uniti 0.9 kwa siku, yaani uniti 27 kwa siku 30. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2016, mteja mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi, kabla ya kodi na tozo. Kaya iliyokuwa ikitumia uniti 60 kwa shilingi 6,000 sasa itatumia 87: uniti 75 za kwanza ni shilingi 7,500, na 12 zilizozidi ni shilingi 4,200, jumla shilingi 11,700. Kaya hiyo ikihamishiwa kundi la matumizi ya kawaida, la shilingi 292 kwa uniti, italipa shilingi 25,404. Uliza TANESCO mita yako iko kundi gani na kiwango cha sasa ni kipi, kisha familia iamue pamoja. Kompyuta ni ya kijana mmoja, lakini luku ni ya nyumba nzima.

6. Ushauri wetu

Ikiwa hujawahi kufungua kompyuta na hakuna fundi wa kuaminika karibu nawe, nunua mashine mpya iliyo tayari, yenye vipande vya umbo la kawaida, orodha kamili na dhamana ya maandishi.

Ikiwa fedha ni kidogo, kompyuta ya ofisi inafaa, kwa masharti haya: kichakataji cha kizazi cha 8 au zaidi, kasha la ukubwa wa kawaida, na kadi isiyozidi wati 75. Mchezo kama Grand Theft Auto V, uliotoka mwaka 2013, utachezeka vizuri. Usiahidiwe kwamba michezo mipya kabisa nayo itakwenda kwa ubora wa juu.

Ikiwa unataka kuundisha, iko njia ya kati tunayoipendekeza kuliko zote kwa mkazi wa mbali. Chagua vipande unavyovitaka, lakini vyote vitoke duka moja, duka hilo liviunganishe na kuijaribu mashine, na likupe risiti moja yenye dhamana ya mashine nzima. Mweleze muuzaji matumizi yako na umwombe athibitishe kwa maandishi kwamba vipande hivyo vinapatana na vinafaa. Malipo ya ufundi yatakayoongezeka ni madogo ukilinganisha na safari moja ya Dar es Salaam. Kwa njia hii unapata mashine uliyoichagua, na bado yupo wa kuulizwa.

Kwa vyovyote vile, kabla ya kulipa:

– Pata orodha ya vipande vyote, na namba ya utambulisho ya kadi ya michoro na ya ubao mama.
– Tazama mashine ikicheza mchezo kwa dakika 30 mfululizo, ana kwa ana au kwa simu ya video.
– Lipa kwa Lipa Namba ya duka au akaunti ya benki ya duka. Usilipe kwa namba binafsi ya mtu.
– Dai risiti ya EFD yenye maelezo ya bidhaa. Risiti iliyoandikwa “kompyuta 1” haithibitishi ulichonunua.
– Hakikisha dhamana inataja muda wake, siku inayoanza, na nani atalipa usafiri wa kurudisha mashine.
– Siku ya kupokea, piga picha za video unapofungua mzigo, kabla mtu yeyote hajagusa skrubu.

Ukipata tatizo, acha kuitumia mashine, usimruhusu fundi mwingine kuifungua, na mwandikie muuzaji siku hiyohiyo ukieleza kasoro na unachokitaka: itengenezwe, ibadilishwe au urudishiwe fedha. Asipojibu, peleka malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na nakala za risiti na ujumbe. Dai la fedha unaweza pia kulifungua Mahakama ya Mwanzo.

7. Maswali ya kujipima

Swali la kwanza: Kichakataji i5-7500 ni cha kizazi gani, na je, kinatimiza sharti rasmi la Windows 11?
Swali la pili: Umeagiza ramu ya DDR5 kwa jina, nayo ni nzima, lakini ubao mama wako ni wa DDR4. Je, muuzaji wa ramu ana kosa?
Swali la tatu: Duka moja linauza mashine kwa dhamana ya mwezi 1 inayohesabiwa tangu mzigo kupokelewa, usafiri wa kurudisha ukilipwa na duka. Duka la pili linatoa miezi 3, lakini usafiri ni wako. Ni ipi bora kwa mkazi wa Lindi?

Majibu: La kwanza, kizazi cha 7, hakitimizi. La pili, hapana, ikiwa hukumweleza matumizi yako wala kumwomba ushauri. Ulichokiagiza ndicho ulichokipata. La tatu halina jibu moja: chukua gharama ya kusafirisha mzigo kwenda na kurudi, uilinganishe na thamani ya miezi 2 inayozidi. Mlaji anayeweza kuifanya hesabu hiyo mwenyewe amelielewa somo hili.